Harufu Iliyobaki Buhongwa

Buhongwa, Mwanza
Jumatatu, 2 Februari 2026

Mama yangu Paskazia,

Shikamoo. Asubuhi hii mawingu yametanda upande wa ziwa, lakini mvua hakuna, ni joto na vumbi tu. Nakuandikia kabla sijaenda dukani. Nikipiga simu ya Mjomba Kashindye anaiweka spika, na haya si ya kusikilizwa na mtaa mzima wa Sengerema.

Jumamosi nilirudi jioni nikakuta kitanda cha mjukuu wako Gladness kimetandikwa kama vile hakuna aliyekilalia wiki zote hizi. Begi lako halipo. Kadi ya kliniki umeiacha juu ya mto. Jirani Odeta ndiye aliyeniambia kwamba umepanda gari la mihogo la Alexander mchana. Mkweo Machibya aliwasha pikipiki ya mteja wa gereji akakukimbilia hadi Usagara, akarudi na vumbi kwenye nyusi.

Mama, tumekukosea nini? Ulikuja kutibiwa mguu, kidonda kilikuwa kimeanza kupata nyama mpya, nesi mwenyewe alituonyesha. Alhamisi ulitakiwa kusafishwa tena. Unajua kwamba kidonda cha mtu mwenye sukari hakisubiri. Daktari alikwambia mbele yangu kuwa ukikatisha matibabu, kinachofuata ni kukatwa.

Natuma barua hii kwa Alexander huyohuyo. Nijibu kwa mkono wake.

Hapa bado tunahangaika na ile harufu ya bafuni. Kwa kuwa sasa wewe hupo na hutanizuia kudeki humo, kesho nitalisafisha bafu lote kwa jiki hadi pembeni. Machibya anakusalimia.

Mwanao,
Modesta


Sengerema
Alhamisi, 5 Februari 2026

Mwanangu Modesta,

Marahaba. Nimefika salama. Siku hizi daraja limekwisha, mtu anavuka kabla hajajuta. Zamani kwenye foleni ya kivuko cha Busisi ningepata muda wa kubadili mawazo.

Hamkunikosea. Mihogo ilikuwa inangojwa na nguruwe pori na kaka yangu Kashindye ni mtu wa kulala. Kuku nao walishaanza kutagia kwa majirani. Mguu hauna neno. Naufunga mwenyewe.

Kuhusu hiyo harufu, sikiliza nikuelekeze na usinibishie. Godoro nililolalia litoe nje, lianikwe juani siku nzima, uligeuze. Ile foronya na mto niliokuwa naegeshea mguu, vichome. Usifue, choma. Mashuka yafue peke yake, usichanganye na nguo za Machibya. Na usimwache Machibya abebe hilo godoro, bebeni wewe na Odeta. Ukifanya hivyo harufu itaondoka.

Mama yako,
Paskazia


Buhongwa
Jumapili, 8 Februari 2026

Mama,

Shikamoo. Leo jua limewaka tangu saa moja asubuhi, bati linalia.

Nimefanya ulivyosema ingawa sikuelewa. Jumanne nilisugua bafu kwa jiki na ndoo mbili za maji. Ijumaa, barua yako ilipofika, nikatoa godoro na Odeta. Odeta aliuliza, “Kwani mama alikojoa kitandani?” nikamwambia funga mdomo na ushike upande wako. Mto nimeuchoma, moshi wake umewafukuza mbu wa mtaa mzima.

Na kweli, Mama, harufu imeisha! Nimeingia bafuni asubuhi na jioni, nimenusa mpaka Machibya ananicheka kuwa nimekuwa mbwa wa polisi. Hakuna kitu. Sijui ulijuaje. Sasa nyumba ni safi, rudi. Alhamisi hii nimeomba ruhusa dukani nikupeleke kliniki mwenyewe, ingawa bado tuna sare za shule za kushona hadi darini.

Modesta


Sengerema
Jumatano, 11 Februari 2026

Modesta,

Basi umejionea. Nilijua kabla yako, ila mzazi huwa anatumaini kuwa amekosea.

Sitarudi. Na tusiliongelee tena jambo hili, si kwa barua wala kwa simu. Mungu awabariki kwa kunivumilia muda wote ule.

Paskazia


Buhongwa
Jumatatu, 16 Februari 2026

Mama Jyotsna,

Shikamoo. Asubuhi ni kavu, upepo unatoka ziwani. Nakuandikia kwa sababu ulisema siku ya mkataba wa kupanga kuwa masikio yako hayapatani na simu na shida yoyote ya nyumba ije kwa maandishi.

Bafu la ndani, lile lililopakana na chumba cha mtoto, linanuka kama shimo la choo. Ilianza katikati ya Januari. Tarehe 3 Februari nililisafisha, ikaisha. Tangu juzi imerudi, tena kwa hasira. Hakuna maji yaliyotuama, bomba halivuji, sakafu ni kavu kabisa. Mume wangu alisogeza hadi mbao za dari akitafuta panya aliyekufa.

Nina sababu ya kuhangaika. Mama yangu mzazi alikuwa kwangu kwa matibabu ya mguu, ameondoka ghafla na hataki kurudi, nami sijui kwa nini. Barua zake zote zinaizunguka hii harufu. Naomba unitumie fundi mapema, maana kila siku inayopita mguu wake haujaguswa na nesi.

Mpangaji wako,
Modesta Machibya


Mwanza mjini
Alhamisi, 19 Februari 2026

Modesta,

Barua yako nimepata, asante kwa mwandiko unaosomeka. Mpangaji aliyekutangulia aliandika kama kuku.

Kwanza niliuliza moyoni, huyu anapara sangara bafuni? Magamba ya samaki yananuka kuliko dhambi. Lakini Shimba, fundi wangu, amekuja huko Jumanne, nawe ulikuwa kazini. Amefungua chemba ya nje: safi. Amepima bomba: zima. Magamba: hakuna. Anasema tuchimbe sakafu yote hadi shimo la maji taka. Shimba akiachwa atachimba mpaka Musoma.

Mimi nasema tusichimbe, tuulizane kwanza. Nyumba hiyo aliijenga marehemu mume wangu Mahesh. Chini ya kile kichujio cha sakafuni bomba lina kona, na kwenye kona hubaki maji kidogo. Maji hayo ndiyo mlango. Yakiwepo, hewa ya shimo haipandi. Mahesh aliweka kona fupi, nilimgombeza hadi akafa. Kipindi cha jua maji yake yanakauka upesi kama hakuna anayemwaga mengine. Ulipodeki mlango ulifungwa, baada ya siku kadhaa ukafunguka tena.

Kwa hiyo swali langu ni dogo. Nani anaoga katika bafu hilo? Naona kama ni bafu asiloogea mtu.

Jyotsna


Buhongwa
Ijumaa, 20 Februari 2026

Mama Jyotsna,

Shikamoo. Asubuhi mawingu mazito, joto la kukaba.

Nimesoma barua yako na kwa heshima zote nakataa. Bafu hilo lilikuwa la mama yangu, tangu alipokuja mwishoni mwa Desemba hadi tarehe 31 Januari. Nilimhamisha mume wangu kwa ajili yake, na mimi na yeye tukaanza kuoga kwenye kibanda cha mabati uani ili Mama awe na faragha yake. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nilimjazia ndoo ya maji ya moto nikaiweka mlangoni. Jioni ndoo ilikuwa tupu na imefunikwa. Mama yangu ni mwanamke msafi kuliko wote ninaowajua. Kusema kwamba hakuoga ni kumtukana, na nisingependa mtu mzima kama wewe

Nimeacha kuandika hapo juu nikaenda kuangalia. Sasa naendelea.

Kwenye kidirisha cha bafu kuna sabuni niliyomnunulia. Maandishi yake bado yamesimama, hata herufi moja haijalika. Taulo iko kwenye msumari, na mikunjo ya dukani.

Nikaenda kwa Odeta. Alikuwa anachambua mchele, akainamisha kichwa hata sijauliza. Nikasema, “Odeta, Mama alikuwa anaoga wapi?”

“Kwani si hapa kwangu?”

“Nakuuliza vizuri.”

“Nami nakujibu vizuri. Hapa kwangu, tangu siku ya pili! Akibeba ndoo yake chini ya kanga kama mtu anayeiba. Aliniapisha kwa Bikira Maria. Sasa unataka niungue kwa ajili ya bafu lako?”

“Kwa nini asioge kwangu?”

“We Modesta, umekaa na vitambaa mpaka umekuwa kitambaa. Ile sakafu si mumeo amesimama uchi juu yake miaka mitatu? Mama yako atakanyaga wapi? Hapa kwangu mimi ni mjane, hakuna nyayo za mkwe.”

Mama Jyotsna, nisamehe kwa maneno ya juu. Nayaacha kwa sababu nimeyaandika kwa wino na karatasi ni hii moja. Ulisema kweli. Nimemwaga ndoo moja kwenye kichujio. Shimba asichimbe kitu.

Modesta


Buhongwa
Jumamosi, 21 Februari 2026

Mama,

Shikamoo. Ni asubuhi, bado mawingu. Ulikataza tusiliongelee. Nakuvunjia amri, utanipiga ukija.

Harufu haikuwa ya kidonda chako. Sasa nimeelewa ulichokuwa unaniambia uliposema nichome mto, na nimelia kwa jinsi nilivyokujibu kwa furaha kwamba imeisha. Ilirudi, Mama! Ilirudi wewe ukiwa Sengerema, godoro likiwa limeanikwa na mto ukiwa majivu. Chini ya kichujio kuna kona ya bomba inayotakiwa kukaa na maji ili hewa ya shimo isipande. Hakuna aliyeoga humo, maji yakakauka, shimo likapumua chumbani kwako. Jana nilimwaga ndoo moja na leo hakuna harufu hata chembe.

Najua ulikuwa unaoga kwa Odeta. Usimlaumu, nilimbana. Nilipaswa kujua mwenyewe. Nilikutengenezea faragha kwa hesabu zangu za mjini, nikadhani ukimhamisha mkwe umehamisha na nyayo zake.

Niambie ukweli wa mguu. Sitaki tena habari za mihogo.

Modesta


Sengerema
Jumanne, 24 Februari 2026

Mwanangu,

Marahaba. Alexander alinisubiri nimalize kusoma, akaniona, akajifanya anakagua tairi.

Nitakwambia. Wiki ile ya tatu nilikuwa nimelala, nikamsikia mumeo upande wa pili wa ukuta anasema, “Modesta, kuna kitu kimekufa humu ndani, tena hakikuzikwa vizuri.” Wewe ukacheka. Nikatazama mguu wangu. Nikanusa, na chumba chote kilikuwa kinanuka. Kuanzia hapo nilikuwa nasubiri mtoke ndipo nitoke. Nikawa nakula chumbani mkadhani ni sukari. Siku niliyomsikia anasogeza dari nikasema, sasa anatafuta mzoga kwa heshima, kabla hajaambiwa uko kitandani. Jumamosi nikaondoka.

Nimefurahi kujua ni bomba. Nimefurahi kuliko unavyofikiri, nimemwambia hata jogoo.

Lakini kurudi siwezi. Nitaoga wapi? Kwa Odeta nilikuwa nakwenda kwa kuchechemea, sasa mguu haukanyagi. Kwenu bafu ni lile la mkwe ndani na lile la mkwe uani. Mama yangu alikufa hajawahi hata kupokea kikombe mkononi mwa baba yako, na mimi nisimame pale mumeo anaposimama akiwa hana nguo? Si kwamba namchukia. Ningekuwa namchukia ningeoga.

Kashindye amehamia chumba cha nje. Anasema ndani kuna joto.

Paskazia


Buhongwa
Alhamisi, 26 Februari 2026

Mama Jyotsna,

Shikamoo. Asubuhi kuna radi za mbali upande wa Ukerewe, hakuna mvua. Nimelala vibaya, uvumilie mwandiko.

Barua ya mama iliyoingia jana inasema kaka yake amehamia chumba cha nje kwa sababu ya “joto”. Safari hii nadhani harufu ni ya kweli, na ni ya mguu. Mjomba hajawahi kuhama chumba kwa ajili ya joto.

Hatarudi mpaka apate mahali pa kuoga. Nimefikiria kumpangia chumba kwingine, lakini hawezi kukaa peke yake. Nimefikiria kwenda kumbeba kwa nguvu, Machibya akasema, “Mama mkwe utamshika wapi?” Ndipo akasema jambo ambalo mimi sikuliwaza. Alisema, “Kama tatizo ni sakafu niliyokanyaga, tubomoe sakafu. Tuweke ambayo sijaikanyaga.”

Naomba ruhusa yako tuvunje sakafu ya bafu la ndani na kuweka mpya. Najua nilikuandikia Shimba asichimbe kitu. Najua pia kuwa sakafu yako haina ubovu wowote. Ukiona ni upuuzi niambie haraka, nitafute njia nyingine.

Modesta


Mwanza mjini
Alhamisi, 26 Februari 2026, jioni

Modesta,

Kijana wako wa duka anangoja jibu mlangoni, kwa hiyo fupi.

Nilipoolewa na Mahesh nilikaa nyumba moja na baba yake miaka kumi na moja. Hakuwahi kuuona uso wangu. Nikisikia fimbo yake koridoni navuta sari hadi kidevuni, siku moja nikaingia kabatini na sufuria ya dengu ya moto. Watoto wangu wakisikia hadithi hiyo wanacheka. Mimi sicheki sana.

Vunjeni. Shimba aje kesho asubuhi, nimeshamwambia. Mwambie aweke mteremko kuelekea kichujio, na kona ya bomba abadilishe, aweke ndefu. Mahesh huko aliko atanisamehe. Saruji imwagiwe maji kila siku wala isikanyagwe kabla ya Jumatano. Saruji haijui kuwa una haraka.

Jyotsna


Buhongwa
Jumamosi, 28 Februari 2026

Mama,

Shikamoo. Asubuhi manyunyu, ya kwanza mwaka huu, yamelaza vumbi tu.

Sakafu ya bafu haipo tena. Yaani ile ya zamani. Jana Shimba aliivunja yote, vifusi vikatolewa kupitia dirishani. Machibya alifunga gereji yake akakoroga zege nje, akawa anampitishia Shimba ndoo kwa dirisha. Mguu wake haukuvuka kizingiti. Shimba akamwita, “Njoo shika huu ubao nipate usawa.” Machibya akasema, “Mimi humo siingii.” Shimba, “Unaogopa zege?” Akajibu, “Namwogopa mwenye sakafu.” Nikaenda kuushika mimi, na sketi yangu ya kanisani.

Kuanzia sasa yeye na mimi tunaoga uani, hata ukiondoka, hata Gladness akirudi kutoka bweni na kulalamika. Ufunguo wa bafu utakaa kwako.

Kuhusu yale maneno ya ukutani: nilimsomea barua yako. Hawezi kukuandikia mambo ya bafu, anaona haya, kwa hiyo ameniamuru niandike hivi: “Mwambie mama nilidhani ni panya. Mwambie nisamehewe kwa kuwa na mdomo mkubwa na pua kubwa.” Mimi pia nilicheka siku ile, na sina panya wa kumsingizia.

Alhamisi Alexander atalaza kiti cha mbele. Nesi tumeshaongea naye. Mama, usinijibu kwa barua.

Modesta


Buhongwa
Jumapili, 8 Machi 2026

Mama Jyotsna,

Shikamoo. Leo asubuhi mvua, nzito, ya kweli, imeanza kabla ya misa na bado inaendelea. Nakuandikia taarifa ya nyumba yako kama ulivyoomba, na nyingine ambayo hukuomba.

Sakafu imekauka vizuri, mteremko uko sawa, kona ndefu imewekwa. Harufu hakuna.

Mama alifika Alhamisi. Tulikwenda hospitali moja kwa moja hata bila kuteremsha kuku aliyemletea Machibya. Daktari alifungua kitambaa, akanitazama mimi badala ya mgonjwa. Tumechelewa. Vidole viwili vya mwisho haviwezi kuokolewa, vitaondolewa Jumatano. Mguu wenyewe anasema unaweza kubaki, kama hatakosa kusafishwa hata siku moja. Nilianza kulia pale. Mama akamwambia daktari, “Viondoe. Viatu vyangu vyenyewe vilikuwa vinabana.” Usiku ule yeye ndiye aliyelala, mimi nilikuwa nasimama mlangoni kwake nasikiliza kama anapumua. Ijumaa vivyo hivyo.

Hakuoga siku hizo mbili. Alijifuta kwa kitambaa chumbani. Sikumwuliza kitu. Nilimwachia ufunguo mezani, nikaona anaupitia pembeni kama sahani ya mtu mwingine. Nilianza kuwaza kuwa tumevunja sakafu yako bure.

Jana jioni Machibya alivaa koti akasema anakwenda kuangalia pikipiki ya mtu. Hakukuwa na pikipiki ya mtu. Alikwenda kusimama dukani kwa jirani kwenye manyunyu. Alipofunga geti tu, Mama akaita, “Modesta, hiyo ndoo iko wapi?” Nikamfunga mguu kwa mfuko wa nailoni kama nesi alivyotufundisha, nikamwekea kigoda, nikatoka. Akafunga mlango kwa ndani. Nilikaa koridoni na mgongo ukutani. Nikasikia kata ya kwanza ya maji ikimwagika, kisha ya pili, kisha maji yakishuka kwenye kichujio, kisha Mama akaanza kuimba wimbo wa Kisukuma wa kupalilia, ule ambao hauishi. Hakuumaliza mpaka ndoo ilipokwisha, akaita aongezewe nyingine.

Nilizima taa saa tatu usiku. Nadhani nililala kabla ya saa tatu na robo.

Modesta